Mbio za Gehazi: Mhadhara juu ya Manabii wa Uongo, Tamaa na Utii kwa Mungu



Nilipoombwa kusema nanyi hapa Nyeri juu ya manabii wa uongo nilisita, wala si kwa kuwa jambo lenyewe ni geni, bali kwa kuwa limezoeleka mno, hata likitajwa kila mtu hutikisa kichwa akimfikiria mhubiri wa kanisa la jirani, na aghalabu hapatikani hata mmoja anayeitazama nafsi yake. Basi mniwie radhi mapema, maana sehemu kubwa ya maneno yangu haitakuwa juu ya wadanganyao, ambao habari zao magazeti huzieleza vya kutosha. Itakuwa juu yetu sisi tudanganywao, watu wa mitelemko hii ya Kirinyaga na Nyandarua, tunaoamka alfajiri kukama ng'ombe na kuchuma chai, tunaosimama kituoni na kukazia macho mizani majani yanapopimwa asije karani akatupunja nusu kilo, na bado siku moja katika mwaka tukalitoa jasho la miezi kumi na miwili kwa mtu ambaye hatujui jana alilala wapi.

Nianze na jambo nililoliona kwa macho yangu. Mwaka mmoja, siku chache baada ya bonasi ya chai kulipwa, ulifika katika soko dogo la upande wa Othaya mkutano wa injili, na lori lake, na jukwaa lake la mbao, na vipaza sauti vilivyosikika hata ng'ambo ya mto. Mhubiri, ambaye sitamtaja jina wala sitaitaja huduma yake, alikaa siku tano. Siku ya tano alitangaza kwamba amefunuliwa nyumba saba za kijiji kile zilizofungwa kwa laana ya mababu, ya kwamba kufunguliwa kwake kwahitaji sadaka ambayo mtoaji ataisikia ikimuuma, na ya kwamba atakayetoa atarudishiwa mara saba kabla ya Krismasi. Jirani yangu mmoja, mjane, mwenye kijana aliyemaliza chuo na kukaa nyumbani mwaka wa tatu bila kazi, aliamini kuwa nyumba yake ni mojawapo ya zile saba. Bonasi yake ilikuwa imekwisha kwa karo na deni la mbolea. Akamwuza ng'ombe wake wa gredi, aliyekuwa akimpa lita kumi na mbili kwa siku, akamwuza kwa bei ya mtu mwenye haraka, na fedha zote akazituma kwa simu usiku ule ule kwa namba iliyosomwa jukwaani. Akapewa chupa ndogo ya mafuta ya upako pamoja na amri mbili: aipake miimo ya mlango siku saba mfululizo, na asimwambie mtu.

Mimi nilikwenda kumjulia hali mwezi wa Januari. Zizi lilikuwa limefagiwa. Kamba ilikuwa ingali kwenye kigingi, imezungushwa vizuri kama kamba ya mtu anayetarajia kuitumia jioni, na kando yake palikuwa na rundo la majani ya nepia yaliyokauka yakawa kama nyasi za kuezekea. Akanionyesha ile chupa. Niliifungua nikainusa, na harufu yake ilikuwa ile ile ya mafuta ya kupikia tunayopimiwa dukani kwa kikombe. Sikusema neno. Ndipo akanichukua nyuma ya nyumba, akanionyesha mahali alipokuwa ameng'oa migomba miwili na kuisawazisha ardhi kwa jembe. "Mwalimu," akaniambia, "hapa ndipo nilipotaka kujenga zizi la ng'ombe saba."

Maneno hayo hayajanitoka moyoni mpaka leo. Wala sikuyaleta hapa ili kumwaibisha mama yule, kwani uchungu wa mzazi kwa mwanawe naujua, na umaskini haumpi mtu nafasi ya kupima mambo kama apimavyo aliyeshiba; nimeyaleta kwa idhini yake, maana yeye mwenyewe aliniambia kwamba akipata mtu wa kuwasimulia wengine habari ile atashukuru. Lakini hebu tuyatazame vema. Katika kuomba kwake laana iondolewe palikuwa pameingia hesabu, na hesabu ile ilikuwa na vipimo vyake, urefu na upana, na migomba iliyong'olewa. Yule mhubiri hakuileta tamaa ile ndani ya lori. Aliikuta pale kijijini, kama atakavyoikuta katika kijiji chako na changu, naye kazi yake ilikuwa moja tu, kuivika tamaa kanzu ya imani, ili mwenye nayo asiione haya mbele ya watu wala mbele ya Mungu.

Neno walitumialo siku hizi ni mbegu. Tunaambiwa tupande mbegu. Mwaka 2009 serikali ya Tanzania iliusimamisha mchezo wa DECI, ulioendeshwa na watu ambao baadhi yao walikuwa wachungaji, na ambao ndani yake fedha iliyotolewa iliitwa mbegu na faida iliyoahidiwa iliitwa mavuno, ilhali mavuno ya wa mbele hayakuwa kitu ila mbegu za wa nyuma. Kwetu Kenya michezo ya namna ile, mingine ikipitia katika makundi ya makanisa, ilikuwa imekwisha kuwafilisi maelfu ya watu mnamo 2006 na 2007, na katika miji yetu hii wako mpaka leo walimu na wakulima waliopoteza humo mafao yao ya uzeeni. Kisha mwaka 2014 televisheni ya KTN ikaifichua habari ya mhubiri wa Nairobi aliyewataka watu wapande mbegu ya shilingi 310, na ya potasiamu pamanganeti iliyotiwa katika maji ya kuoshea miguu hata yakageuka rangi kama damu. Nchi nzima ikaona, Mwanasheria Mkuu akasimamisha kwa muda uandikishaji wa makanisa mapya, na neno lile la 310 likawa mzaha wa vijana. Mbegu zenyewe hazikukoma kupandwa.

Nami nashangaa, kwa kuwa sisi ni wakulima. Mkulima wa Tetu au wa Kerugoya ajua kwamba mbegu hutiwa ardhini, na ardhi haina mfuko. Na tukiurudia mfano wenyewe wa mpanzi kama Bwana wetu alivyoutoa, twaona kwamba mpanzi ni yule aletaye neno, mbegu ndiyo neno, na msikilizaji ndiye udongo. Basi anayetoa ni mhubiri na anayepokea ni msikilizaji. Leo mfano umepinduliwa miguu juu: msikilizaji amefanywa mpanzi, shilingi imefanywa mbegu, na mhubiri amejilaza chini akawa udongo, tena udongo wenye rutuba ya ajabu, umezao kila kitu na usiootesha hata jani.

Katika Maandiko yote sijui kisa kinachoufunua ugonjwa huu kama kisa cha Gehazi, mtumishi wa nabii Elisha, ambacho twakisoma upesi mno kwa sababu macho yetu huishia kwenye uponyaji wa Naamani. Naamani, jemadari wa mfalme wa Shamu, alikuja na ukoma wake pamoja na mali ya kutisha: talanta kumi za fedha, vipande elfu sita vya dhahabu na mavazi kumi. Nabii hakumtokea hata mlangoni. Alimpelekea mjumbe akamwagiza aoge katika Yordani mara saba. Alipopona alirudi na msafara wake wote, akamsihi mtu wa Mungu apokee zawadi, naye Elisha akaapa kwa Bwana aliye hai kwamba hatapokea kitu. Kukataa kule ndiko kulikokuwa mahubiri yenyewe. Huyu alikuwa mtu aliyetoka katika nchi ya miungu mingi, aliyezoea kwamba kila mungu ana bei yake na kila kuhani ana mkono wazi, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake alikutana na neema isiyonunuliwa. Hivyo hakuomba tena kutoa. Aliomba kupewa, akaomba udongo wa nchi ile kiasi cha mzigo wa nyumbu wawili, ili akifika kwao amwabudu Mungu wa kweli.

Gehazi aliyaona hayo yote. Aliuona msafara ukigeuka na fedha ile kuondoka ilivyokuja, na moyo ukamwuma kama umwumavyo mtu aonaye maji ya mvua yakipita na pipa lake tupu. Akaapa naye. Nawasihi mkifika nyumbani mkaisome sura ile ya tano ya Wafalme wa Pili polepole, mwone jambo hili: kiapo alichokitumia Gehazi kuazimia kupokea ni kile kile alichokitumia bwana wake kukataa. Maneno ni yale yale ya ucha Mungu, jina ni lile lile la Bwana aliye hai, na hata sauti huenda ilifanana, kwa kuwa mtumishi aliyekaa miaka na nabii hujifunza kusema kama nabii. Ndiyo sababu nawaambia, ndugu zangu, kumpima mhubiri kwa utamu wa maneno na kwa wingi wa majina ya Mungu anayoyataja ni kupima maji kwa chujio.

Gehazi akapiga mbio kulifuata gari la Naamani. Jemadari akashuka kumpokea, kwa heshima aliyokuwa nayo sasa kwa kila kitokacho katika nyumba ile, na Gehazi akamwambia kwamba wamefika vijana wawili wa manabii kutoka milima ya Efraimu, nao wanahitaji talanta moja ya fedha na mavazi mawili. Tazameni ustadi wa uongo wenyewe. Hakuomba kwa ajili yake. Aliomba kwa ajili ya wahitaji, kama vile leo tuombwavyo kwa ajili ya yatima ambao hatujawahi kuwaona. Naamani kwa furaha akamshurutisha apokee talanta mbili, na talanta moja yapata kilo thelathini na zaidi, kwa hiyo ilibidi mizigo ile ichukuliwe na watumishi wawili wakitangulia mbele yake. Walipofika kilimani akaipokea mikononi mwao, akaiweka nyumbani, akawaruhusu watu wale waende zao, kisha akaingia akasimama mbele ya bwana wake kana kwamba hakutoka.

Katika kisa hiki huyo aliyedanganywa hakulia. Alirudi Shamu akiwa radhi, akiamini kwamba ametenda wema. Hasara aliyoipata hakuijua, nayo ilikuwa kubwa kuliko talanta mbili: neema aliyopewa bure ilikuwa imewekewa bei nyuma ya kisogo cha nabii, na yamkini katika masimulizi yake huko kwao Mungu wa Israeli akawa naye ni mmoja wa wale wanaotoza. Gehazi akaondoka mbele ya Elisha na ukoma wa Naamani mwilini mwake. Alikuwa amenunua kitu kamili, mali pamoja na maradhi ya mwenye mali.

Tusidhani kwamba uangalifu juu ya sadaka uliletwa kwetu na wageni. Jomo Kenyatta, katika kitabu chake Facing Mount Kenya kilichochapishwa mwaka 1938, anaeleza jinsi wazee wa Agikuyu walivyokuwa wakimtafuta mwana-kondoo wa rangi moja wa kumtolea Ngai chini ya mugumo, nyuso zao zikielekea Kirinyaga, na jinsi walivyojishughulisha kujua mwenye mnyama ni mtu wa tabia gani na mnyama mwenyewe alipatikana kwa njia ya haki. Yaani swali la kwanza la wazee wale halikuwa kiasi gani, lilikuwa limetoka wapi. Nasi, tulio na Biblia katika Kikuyu na Kimeru na Kiswahili, tunapokea juu ya madhabahu zetu magunia ya fedha za wanasiasa bila swali hata moja, tena kwa makofi, kisha tunawapa kipaza sauti! Hapa nataka kuwatendea haki wale waliosimama. Mwaka 2021 Askofu Mkuu Jackson Ole Sapit wa Kanisa la Anglikana aliwazuia wanasiasa kuhutubia katika ibada, na mwaka 2024 Askofu Mkuu Philip Anyolo wa Nairobi aliamuru irudishwe michango aliyoitoa Rais katika kanisa moja la jimbo lake. Wako waliosema huo ni utovu wa adabu. Mimi nadhani ni mambo ambayo Elisha angeyatambua mara moja.

Maana ugonjwa huu hauko kwa wenye mahema na malori peke yao, na mhadhara huu ungekuwa batili kama ungetoka hapa ukawa fimbo ya makanisa makubwa ya mawe dhidi ya makanisa madogo ya mabati. Nabii Mika alikwisha kueleza manabii wa siku zake, waliowatangazia amani wale waliowatilia kitu kinywani, na vita wale wasiowapa. Naye hakuwa akisema juu ya watu wa kupita njia, alikuwa akisema juu ya watu wenye vyeo katika taifa lake.

Nimesema juu ya tamaa, na sasa nataka kusema juu ya utii, kwa sababu tamaa peke yake humnyang'anya mtu ng'ombe, lakini utii uliopotoka humnyang'anya uhai.

Katika Wafalme wa Kwanza, sura ya kumi na tatu, mmesoma habari za mtu wa Mungu, asiyetajwa jina, aliyetumwa kutoka Yuda kwenda Betheli kuikemea madhabahu ya mfalme Yeroboamu. Mfalme alimwalika nyumbani ale, na amzawadie, naye akajibu kwamba hata angepewa nusu ya nyumba ya mfalme hataingia, maana Bwana amemwamuru asile mkate wala asinywe maji mahali pale, wala asirudi kwa njia aliyoijia. Kwa upande wa mali mtu huyu alikuwa salama kabisa. Lakini palikuwa na nabii mzee wa Betheli, aliyetandika punda akamfuata akamkuta chini ya mwaloni, akamwambia: Mimi nami ni nabii, na malaika amesema nami nikurudishe. Alikuwa akimwambia uongo. Naye yule aliyemshinda mfalme akashindwa na mzee, akageuka, akala, akanywa, na njiani kurudi simba akamwua, akasimama kando ya maiti pamoja na punda bila kumla huyu wala kumrarua yule, ili kila apitaye aone kwamba hiyo haikuwa njaa ya mnyama.

Kwa miaka mingi niliona hukumu ile ni kali, kwani aliyedanganya alibaki hai na aliyedanganywa alikufa barabarani. Lakini mtu yule alikuwa na neno aliloamriwa yeye mwenyewe, lililo wazi, lisilohitaji mkalimani, akaliacha kwa ajili ya neno la malaika ambaye hakumwona, aliyesema na mtu ambaye hakumjua. Hili ndilo jambo nililolijia hapa leo. Nabii wa uongo hatuondolei utii. Sisi ni watu watiifu, tumelelewa hivyo, na yeye atutaka tuendelee kuwa watiifu kabisa. Afanyalo ni kuuhamisha utii wetu. Auchukua katika amri tunayoijua sote, ya kutoua, kutoiba, kuwaheshimu wazazi, kuwalisha watoto, kusema kweli, aupeleka katika kinywa chake, ambako amri hubadilika kila Jumapili, na ambako aghalabu huambatana na neno lile dogo alilopewa jirani yangu pamoja na chupa yake: usimwambie mtu.

Mnajua utii uliohamishwa hufika wapi. Huko Kanungu, kusini-magharibi mwa Uganda, tarehe 17 Machi 2000, mamia ya wafuasi wa kikundi kilichojiita cha kurejesha Amri Kumi za Mungu waliteketea ndani ya jengo lao la ibada, na baadaye maiti nyingine nyingi zikafukuliwa katika nyumba za kikundi hicho. Wengi wao walikuwa wamekwisha kuuza vitu vyao na kuwakabidhi fedha viongozi. Na hapa kwetu, Aprili 2023, katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi, yalianza kufukuliwa makaburi ambayo mpaka kazi iliposimama yalikuwa yametoa miili zaidi ya 400, mingi ikiwa ya watoto, ya watu wanaosemekana waliambiwa wafunge mpaka kufa ili wakutane na Yesu. Mhubiri Paul Mackenzie, aliyeshitakiwa pamoja na wenzake, alikana mashtaka, nami sitamtangulia hakimu. Nasema juu ya wale waliokufa. Hawa hawakuwa wapumbavu. Miongoni mwao walikuwako watu wenye elimu na kazi, waliotoka sehemu mbalimbali za Kenya, na wapo waliotoka huku bara. Walikuwa watu waliotii. Mama aliyemnyima mwanawe uji alikuwa akitii, na kila mama katika ukumbi huu ajua kwamba sauti iliyo ndani yake tangu siku ya kujifungua, ile imwamshayo usiku mtoto akikohoa, ni ya Mungu zaidi kuliko sauti yoyote itokayo jukwaani.

Serikali iliunda tume na kamati, moja ikiongozwa na Kasisi Mutava Musyimi, na yapo mapendekezo ya sheria. Sheria ni njema na tuipokee. Lakini sheria haitaingia jikoni kwa mjane usiku wa bonasi.

Wakristo wa kwanza hawakuwa na serikali ya kuwasaidia, nao walikuwa na wahubiri wengi wa kupita njia. Katika kijitabu chao cha kale kiitwacho Didache, ambacho nakala yake iligunduliwa Constantinople mwaka 1873, wamo wakiagizana kwamba mjumbe akija apokewe kama Bwana mwenyewe, akae siku moja, na ikilazimu mbili. Akikaa tatu, ni nabii wa uongo. Akiondoka apewe mkate wa kumfikisha atakapolala. Akitaka fedha, ni nabii wa uongo. Na asemaye katika Roho nipeni fedha, asisikilizwe, isipokuwa anaomba kwa ajili ya wengine wenye shida. Ukarimu wao haukupungua kwa sababu ya kipimo hiki, wala imani yao haikuitwa haba. Ile nafasi ya mwisho, ya kuwaombea wenye shida, ndiyo Gehazi aliyoipenya, na kwa hiyo mimi ningeongeza kwamba tuwaone hao wenye shida kwa macho, tuwajue nyumba zao.

Nanyi hamhitaji kwenda mbali kuujua utii wa kweli ulivyo. Kule Gikondi, katika Mukurweini yetu, alikaa tangu mwaka 1920 mtawa Mkonsolata kutoka Italia, Irene Stefani, ambaye kabla ya hapo alikuwa amewauguza wapagazi wa Kariakoo katika hospitali za Vita Kuu ya Kwanza, Voi na Kilwa na Dar es Salaam, watu ambao jeshi lenyewe liliwahesabu kama mizigo. Agikuyu walimwita Nyaatha, mama wa huruma, na watu wetu hawatoi jina la namna hiyo kwa urahisi. Mwaka 1930 alimwuguza mwalimu aliyepatwa na tauni, akaambukizwa, akafa tarehe 31 Oktoba, umri wake miaka 39. Alipotangazwa mwenye heri hapa Nyeri, tarehe 23 Mei 2015, umati uliokuja ulifunika viwanja. Mimi si Mkatoliki, na bado nasema: mwanamke yule alipanda vilima vile kwa miguu kwenda kwa wagonjwa, wala hakuna kaya iliyouza kitu ili apande.

Tena katika miaka ya Hali ya Hatari, iliyotangazwa Oktoba 1952, walikuwako katika vilima hivi Wakristo wa Uamsho waliokataa kula kiapo cha Mau Mau kwa kuwa wamekwisha kunywa damu ya Kristo, wakakataa vilevile kushika bunduki ya serikali, na kwa hiyo wakachukiwa na pande zote mbili, na baadhi yao wakauawa. Sisemi hayo kuwahukumu walioingia msituni. Hii ni nchi ya Dedan Kimathi, ardhi ilikuwa imechukuliwa, na kilio kilikuwa cha haki. Nasema tu kwamba watu wale hawakuahidiwa ng'ombe saba. Ukienda Murang'a, katika kanisa la Mtakatifu Yakobo lililojengwa kwa kumbukumbu yao, utaziona ukutani picha alizozichora Elimo Njau, na Kristo wake amezaliwa na kusulubiwa katika vilima vyetu hivi, katika rangi ya udongo wetu. Simama mbele ya picha ya msalaba kisha ujiulize aliyelipa ni nani. Katika kila utii wa kweli niliousoma au kuuona, aliyeamuru ndiye aliyetangulia kulipa; na katika kila ule wa uongo, aliyeamuru ndiye aliyetangulia kupokea.

Jirani yangu hakurudishiwa ng'ombe wake. Kijana wake alipata kibarua katika soko la Karatina, kupakia viazi, na wanaume watano wa kanisa letu tulichanga tukamnunulia mama yule ndama mmoja jike. Alitukaribisha chai siku tuliyomfikisha, akatuomba tusimpigie makofi kanisani. Mahali pale nyuma ya nyumba amepanda migomba tena.

Wazee wa makanisa, bonasi ya chai hulipwa Oktoba, nasi tumebakiwa na wiki chache. Malori ya vipaza sauti yatakuja siku ile ile fedha zitakapoingia, kwa kuwa wenye nayo wanaijua kalenda ya kiwanda kuliko sisi tunavyoijua kalenda ya kanisa. Nawaomba msingoje Jumapili. Nendeni wawili wawili mpaka kwenye nyumba za wajane na za wenye wagonjwa, mkae, mwombe nao bila kupokea hata yai, mwaulize wana deni gani, na mkiulizwa hesabu za makanisa yenu, zisomeni kwa sauti mpaka senti ya mwisho. Nami nitakuwa upande wa Othaya, na atakayehitaji mwenzi wa kutembea naye atanikuta.